Makosa Yalifanywa au Yalifanyika? Uhakiki wa Fundisho la Kauli ya Kutendwa katika Sarufi ya Kiingereza

Utangulizi

Kabla ya kuanza masomo ya uzamili, mwandishi wa uhakiki huu alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari kwa miaka kadhaa. Katika kipindi hicho alisahihisha sentensi moja ambayo hajaisahau. Mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuwa amerudi darasani baada ya mazishi, aliandika katika insha yake: "I was died by my father." Sentensi hiyo ilipigwa mstari mwekundu, ikapewa sifuri, na pembeni pakaandikwa kwamba kitenzi "die" hakina kauli ya kutendwa. Maelezo hayo yalikuwa sahihi, lakini hayakumfundisha mwanafunzi chochote. Alichotaka kusema ni "nimefiwa na baba", sentensi ambayo katika Kiswahili haina ila. Tena alikuwa ameifuata kwa uaminifu kanuni aliyofundishwa na mwalimu huyo huyo: chukua kitenzi, kipe umbo la tatu, tanguliza "was", malizia kwa "by".

Uhakiki huu unalitazama upya fundisho lililozaa mstari ule mwekundu. Fundisho lenyewe lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa vitabu vya sarufi vya shuleni, vinavyoieleza kauli ya kutendwa kuwa ni sentensi ya kutenda iliyogeuzwa. Upande wa pili ni wa miongozo ya mtindo, ambayo mwanafunzi hukutana nayo baadaye, chuoni au kazini, ikimwonya aiepuke kauli hiyo kwa sababu humficha mtenda. Inadaiwa hapa kwamba pande zote mbili zimesimama juu ya dhana moja yenye kasoro, nayo ni kwamba sentensi ya kutendwa haina kazi yake yenyewe, bali ni sura ya pili, tena dhaifu, ya sentensi nyingine. Kipimo kinachotumika kuihakiki dhana hiyo ni mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili, ambao hutenganisha kwa viambishi mambo ambayo Kiingereza huyabeba katika umbo moja.

Zoezi la kugeuza

Kila aliyepita katika shule zetu anaukumbuka utaratibu huu. Mwanafunzi hupewa sentensi "The child broke the pot". Hulichukua shamirisho na kulipeleka mwanzoni, hutafuta umbo la "be" linalolingana na njeo, huweka umbo la tatu la kitenzi kikuu, kisha humfuatisha mtenda baada ya "by". Jibu huwa "The pot was broken by the child". Zoezi hili lina faida yake, kwa kuwa umbo la kauli hii katika Kiingereza si jepesi. Hata wenyeji wa lugha hiyo waliwahi kusumbuliwa nalo. Katika karne ya 18 ilikuwa kawaida kusema "the house is building" kwa maana kwamba nyumba inajengwa. Umbo la "is being built" lilipoenea lilipingwa vikali, na hata mwaka 1870 mhakiki wa Marekani Richard Grant White alikuwa bado analishutumu. Leo umbo hilo lililoshutumiwa ndilo linalofundishwa kuwa sahihi, na lile la zamani ndilo lingepigwa mstari.

Tatizo huanza pale zoezi linapogeuzwa kuwa maelezo, yaani pale mwanafunzi anapoambiwa kwamba sentensi hizo mbili ni kitu kimoja. Dhana hiyo ilipata heshima zaidi baada ya Noam Chomsky kuchapisha Syntactic Structures mwaka 1957, ambamo sentensi ya kutendwa iliunganishwa na ya kutenda kwa kanuni ya ugeuzi. Kinachosahaulika ni kwamba katika kitabu hicho hicho Chomsky alionesha kuwa sentensi zenye maneno ya idadi zinaweza kutofautiana kimaana zikigeuzwa. Tuchukue mfano wetu: "Kila mwanafunzi alisoma vitabu viwili" na "Vitabu viwili vilisomwa na kila mwanafunzi". Katika sentensi ya kwanza kila mmoja anaweza kuwa na vitabu vyake. Katika ya pili msomaji huelekea kufikiria vitabu viwili vile vile kwa darasa zima. Kiingereza nacho kina mwelekeo huo huo. Mwongozo wa kusahihisha unaodai kwamba sentensi hizo zina maana moja unamwadhibu mwanafunzi anayesoma kwa makini.

Vipo pia vitenzi vinavyokataa kugeuzwa ilhali vina shamirisho, kama "resemble", "lack" na "have" katika maana yake ya kumiliki. Na kipo kitendo ambacho lugha zote mbili hukitaja kwa kawaida katika kauli ya kutendwa. Tunasema "alizaliwa Tanga", na Mwingereza husema "she was born in Tanga". Hakuna anayehisi kwamba mama amefichwa, wala hakuna anayeamini kwamba msemaji alianza na sentensi kuhusu mama kisha akaigeuza. Habari ni ya mtoto, na kwa hiyo mtoto ndiye kiima.

Mfano wenye uzito zaidi kwa mada hii ni ule ambao zoezi la kugeuza haliufikii kabisa. Kiingereza kinaruhusu "This bed has been slept in", ingawa kitanda si shamirisho la "sleep". Vitabu vingi vya shule huruka sentensi za namna hii, au huzitaja kama mambo ya pekee ya kukaririwa. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kukariri, kwani lugha yake ina "kitanda hiki kimelaliwa". Kutokana na lala tunapata lalia, na kutokana na lalia tunapata laliwa. Kauli ya kutendea hutangulia, ikafungua nafasi ya shamirisho ambayo kitenzi sielekezi hakikuwa nayo. Kisha kauli ya kutendwa hulipandisha shamirisho hilo na kulifanya kiima. Kile kihusishi "in" kinachoning'inia mwishoni mwa sentensi ya Kiingereza hufanya kazi inayokaribiana na ya kiambishi -i- katika kitenzi chetu. Vivyo hivyo "nimenyeshewa" hukutana na "I was rained on": nyesha, nyeshea, nyeshewa.

Hapo ndipo kosa la mwanafunzi wetu linapopata maelezo. Kufiwa si kauli ya kutendwa ya kufa. Ni kauli ya kutendwa ya kufia. Aliyefiwa ni yule ambaye mtu amemfia. Mwanafunzi alikuwa na ngazi tatu kichwani mwake, na kanuni aliyofundishwa ilikuwa na mbili tu. Ile ya katikati ikapotea. Laiti angekuwa anasimulia mvua na kuandika "I was rained", kosa lake lingekuwa lile lile kabisa, na dawa yake ingekuwa neno moja la herufi mbili. Kwa "die" dawa hiyo haipatikani kwa urahisi, maana Kiingereza humruhusu mtu kusema kwa mazungumzo kwamba fulani "died on me", lakini kuligeuza hilo likawa la kutendwa huleta mzaha, jambo lisilofaa msibani. Mwalimu ambaye hajatenganisha ngazi hizi katika lugha yake mwenyewe hawezi kuliona kosa hilo. Ataona ujinga tu.

Shutuma ya uficho

Upande wa pili wa fundisho hili una historia fupi na sauti kubwa. William Strunk alichapisha The Elements of Style mwaka 1918 kwa ajili ya wanafunzi wake, E. B. White akakihariri na kukipanua mwaka 1959, na tangu hapo kikawa mwongozo unaonukuliwa kuliko mingine nchini Marekani. Kitabu hicho humshauri mwandishi atumie kauli ya kutenda. Ni haki kusema kwamba hakiipigi marufuku kauli ya kutendwa, bali kinakiri kuwa mara nyingine ni ya lazima. Hata hivyo, Geoffrey Pullum, mmoja wa waandishi wakuu wa The Cambridge Grammar of the English Language ya mwaka 2002, amebainisha jambo la aibu: kati ya jozi nne za mifano inayotolewa humo ili kuonesha namna ya kurekebisha sentensi dhaifu, tatu hazina kauli ya kutendwa. Mojawapo ni sentensi ya kueleza kwamba mahali fulani palikuwa na majani makavu mengi. Ina kitenzi "were", na inaelekea hicho ndicho kilichotosha kuitia hatiani.

Kosa hilo si la bahati mbaya. Anayeieleza kauli ya kutendwa kwa hisia, kwamba ni sentensi iliyolegea isiyo na mtu wa kushika lawama, atakiona kitu hicho popote penye ulegevu. George Orwell naye, katika insha yake ya mwaka 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni ya kutotumia kauli ya kutendwa pale ya kutenda inapowezekana. Insha hiyo ina nguvu, na mwandishi wa uhakiki huu hana nia ya kuipunguzia heshima: anachosema Orwell kuhusu maneno yaliyochakaa yanayomfikiria mtu badala ya mtu kuyafikiria kinabaki kuwa kweli katika lugha yoyote, Kiswahili cha ofisini kikiwemo. Lakini sentensi ya kwanza kabisa ya insha hiyo ina kitenzi katika kauli ya kutendwa, kinachosema kwamba jambo fulani hudhaniwa na watu kwa ujumla, bila kuwataja. Orwell hakuwa anaficha kitu. Wanaodhani ni wengi, hawana majina, na sentensi haiwahusu wao. Aliitumia kauli hiyo kwa kuwa ilifaa, na kwa hiyo kanuni yake haikumwongoza yeye mwenyewe.

Otto Jespersen alikuwa ameyaeleza haya vizuri zaidi mwaka 1924, katika The Philosophy of Grammar. Alitaja sababu kadhaa za mtu kuchagua kauli ya kutendwa: mtenda hajulikani, au anajulikana mno kiasi kwamba kumtaja ni kurefusha maneno, au adabu inazuia asitajwe, au anayetendwa ndiye anayetuhusu zaidi, au sentensi inataka kuungana vyema na ile iliyotangulia. Uficho unaweza kuingia katika sababu ya tatu peke yake, tena kwa sehemu. Sababu ya mwisho ndiyo iliyosahauliwa na walimu wengi, nayo ndiyo yenye manufaa makubwa kwa mwandishi. Tuseme aya inahusu msikiti wa kale. Sentensi ya kwanza inaeleza mahali ulipo. Ya pili itaanza kwa kawaida na "Ulijengwa na...", na jina la mjenzi litakuja mwishoni, mahali ambapo taarifa mpya hukaa na kusikika. Mjenzi hapo hakufichwa. Amewekwa mahali pa heshima.

Viambishi -w- na -k-

Mfano unaopendwa na wapinzani wa kauli hii ni maneno yanayotafsirika kwamba makosa yalifanywa. Rais Ronald Reagan aliyatumia Januari 1987, katika hotuba yake ya hali ya taifa, alipozungumzia mambo ya Iran. Kabla yake, Rais Ulysses Grant aliyatumia katika ujumbe wake kwa bunge la Marekani mwezi Desemba 1876. Umbo la Kiingereza ni "mistakes were made", na limekuwa kielelezo cha kukwepa lawama.

Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo anasimama, kwa maana lugha yake haimruhusu apite bila kuchagua. Je, aandike "makosa yalifanywa" au "makosa yalifanyika"? Sarufi ya Kiswahili imezitenga kauli hizi mbili kwa muda mrefu. Kauli ya kutendwa ina -w-, na kauli ya kutendeka ina -k-. Tofauti yao huonekana wazi tunapojaribu kumrudisha mtenda. "Chungu kimevunjwa na mtoto" ni sentensi timamu. "Chungu kimevunjika na mtoto" huchukiza sikio, isipokuwa mtu awe anasema kwamba mtoto naye amevunjika. Kauli ya kutendwa huacha kiti cha mtenda kikiwa wazi, na msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?" papo hapo, ndani ya sentensi ile ile. Kauli ya kutendeka haina kiti. Anayetaka kumjua mtenda hana budi kuanza upya: "Nani aliyekivunja?"

Kwa kipimo hiki, "mistakes were made" ni makosa yaliyofanywa. Kitenzi cha Kiingereza kinakubali "by" na jina lolote litakalofuata. Kama viongozi hao walikusudia kumfuta mtenda kabisa katika sarufi, Kiingereza kiliwapa njia bora zaidi, nayo iko katika kauli ya kutenda: wangesema kwamba makosa yalitokea. "The pot broke" ni sentensi ya kutenda, haina "was" wala "by", na mtoto hayumo humo na hawezi kuingizwa. "This book reads easily" ni ya kutenda kwa umbo, ilhali Kiswahili husema "kitabu hiki kinasomeka kwa urahisi", kwa -k- iliyo wazi. Mwongozo wa mtindo unaomtuma mwandishi kukimbia kauli ya kutendwa humwelekeza, bila kujua, mahali penye giza zaidi.

Ushahidi wa hotuba zenyewe unaunga mkono hoja hii. Grant aliyaambatanisha maneno hayo na kukiri kwake, katika sentensi moja, kwamba makosa hayo yanaonekana na wote na yeye anayakubali. Reagan alitangulia kusema kwa nafsi ya kwanza, katika kauli ya kutenda, kwamba anabeba dhamana yote. Msomaji anaweza kutoridhika na viongozi hao wawili, na mwandishi huyu haridhiki na wa pili. Lakini kisichoridhisha katika hotuba ya 1987 kimo pia katika sentensi ile ya nafsi ya kwanza, iliyobeba dhamana bila kutaja tendo lolote mahususi. Kauli ya kutenda haikuizuia isiwe tupu.

Hapa inafaa kukiri kwamba -k- nayo isihukumiwe kwa umbo lake. "Mkutano ulifanyika Jumamosi" haimfichi mtu, na "barabara hii haipitiki masika" inaeleza hali ya barabara bila kumhitaji mpita njia. Isitoshe, Kiingereza kina umbo ambalo linabeba kauli zetu zote mbili kwa pamoja. "The window was broken" inaweza kuwa tukio, yaani dirisha lilivunjwa saa fulani na mtu fulani. Au hali, yaani dirisha lilikuwa limevunjika tulipofika. Katika maana ya pili neno "broken" limekuwa kama kivumishi, na swali la "by whom" halina pa kukaa. Sehemu kubwa ya lawama inayotupiwa kauli ya kutendwa ya Kiingereza inatokana na umbo hili lenye maana mbili: sentensi za hali husomwa kama sentensi za tukio, kisha hulaumiwa kwa kutomtaja mtenda ambaye hazikuwa naye. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili anaweza kuonywa kuhusu mtego huu kwa dakika tano, akipewa tu kazi ya kutafsiri sentensi hiyo kwa njia mbili. Ni ajabu kwamba zoezi hili halipewi nafasi, huku vipindi vizima vikitumika kuhamisha "by" kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine.

Kuhusu "imebainika"

Hoja hii ina upande unaotuhusu sisi tunaoandika na kutahini tasnifu kwa Kiswahili. Sura zetu za mbinu za utafiti zimejaa -w-: data zilikusanywa, sampuli iliteuliwa, watoataarifa walihojiwa. Wapo wasimamizi wanaoziona sentensi hizo kuwa za kitaaluma, na wapo wanaoziona kuwa za kukwepa, hasa wale waliolelewa na miongozo ya Kiingereza iliyotajwa hapo juu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, -w- za sura ya tatu hazina hatia. Mtenda ni mmoja, jina lake liko kwenye jalada, na kumrudia katika kila sentensi kwa "mtafiti alifanya hiki, mtafiti alifanya kile" huchosha bila kuongeza uwajibikaji.

Panapostahili kutiliwa shaka ni sura ya nne, ambamo -w- hupungua na -k- huingia. Imebainika kwamba. Imedhihirika kwamba. Inasemekana kwamba. Kubaini ni tendo la akili ya mtu aliyeangalia data akaamua. Likinyambuliwa kuwa kubainika, uamuzi huo hugeuka kuwa tukio la asili, kama mti kuanguka wenyewe. Si lazima iwe hila, kwa maana wakati mwingine jambo hubainika kweli. Hata hivyo mtahini anayeona "imebainika" mahali ambapo data zingeweza kusomwa kwa namna mbili ana haki ya kuuliza nani aliyebaini, na kwa nini hakubaini ile namna ya pili. Swali hilo halimo katika orodha ya makosa ya kawaida tunayowapa watahiniwa, kwa sababu orodha hiyo tuliiazima kutoka kwa lugha ambayo haina -k-.

Mstari mwekundu tena

Ikiwa insha ile ingerudi mezani leo, jambo la kwanza la kuandikwa pembeni lingekuwa neno "pole", ambalo halikuandikwa. La pili lingekuwa maelezo kwamba kufiwa kumepitia kufia, na kwamba Kiingereza hakina daraja hilo la katikati kwa kitenzi hiki. Kisha zingependekezwa sentensi mbili. "My father died" ni sahihi, lakini inaanza na baba, ilhali mwanafunzi aliianza sentensi yake na nafsi yake mwenyewe, kama kufiwa kunavyomruhusu. "I lost my father" inamrudishia nafasi hiyo. Ni sentensi ya kutenda kwa kila kipimo cha umbo, ina kiima na shamirisho mahali pake, na hakuna mwongozo wa mtindo utakaoigusa. Na aliye katika nafasi ya kiima hakutenda lolote.